Mtu Aliyesikia kwa Viganja

Simu iliita saa nne asubuhi, Mama Pacha akiwa ameinamia ndoo ya maji ya sabuni, anafuta pedi za gemu kwa kitambaa. Ndiyo ilikuwa kazi yake kila asubuhi kabla ya kufungua chumba cha gemu. Vijana hukamata pedi kwa mikono ya jasho, na vitufe visipofutwa hunata. Alitazama kioo cha simu. Namba hakuijua.

"Wewe ndiye dada wa Kimya?"

"Ndimi. Nani mwenzangu?"

"Msimamizi wa yadi ya mbao. Dada, uko na mtu hapo?"

"Niko na ndoo. Sema."

Yule bwana alikohoa, kisha akasema kumetokea ajali. Lori lilikuwa linarudi nyuma kupakia, na Kimya alikuwa ameligeuzia mgongo, anapanga mbao.

"Tulipiga honi, dada. Haki ya Mungu tulipiga honi. Mara tatu."

"Mara tatu," Mama Pacha akarudia. "Yuko hospitali gani?"

Upande wa pili alisikia msumeno wa mashine bado unaunguruma. Hata kuuzima walikuwa hawajauzima.

"Hakufika hospitali, dada."

Mama Pacha aliimalizia ile pedi iliyokuwa mkononi. Akafuta na ya mwisho. Akazipanga zote nne mezani, vitufe vikielekea juu, kama kwamba wateja wangeingia dakika ile. Kisha akaenda chumba cha nyuma, alikokuwa mama yao akipinda sketi ya shule, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Nani kapiga?" mama akauliza, sindano mdomoni.

"Watu wa yadi."

Mama aliitoa sindano mdomoni akaichomeka kwenye kitambaa, taratibu. Mwanamke aliyezaa haambiwi mara mbili.

"Walimwambiaje aondoke njiani?" aliuliza baadaye, majirani walipokuwa wamekwisha jaa sebuleni.

"Walipiga honi, mama."

Mama alimtazama bintiye kwa muda mrefu. "Honi," akasema.

*

Jina lake la ubatizo liliandikwa kwenye cheti, na nje ya cheti halikuwa na kazi. Mtaa mzima ulimwita Kimya, naye alilipokea kama mtu anavyopokea shati la mitumba: halikushonwa kwa ajili yake, lakini limemkaa.

Alizaliwa anasikia. Alipokuwa na miaka tisa alishikwa na homa kali, akalala wiki tatu, shingo imekaza kama mti. Mama alifunga na kuomba, baba alifunga na kuomba, watu wa kanisa walipokezana magoti pembeni ya kitanda. Siku ya ishirini na mbili mtoto alifumbua macho, akaomba uji, nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Yeye akawatazama wote, midomo wazi, mikono hewani, akauliza, "Mbona mnanong'ona?"

Mama Pacha wakati huo alikuwa na miaka sita, hajawa mama wa mtu. Walikuwa wakilala chumba kimoja, kitanda chake kikigusana na cha kaka yake. Ni yeye aliyegundua kwamba akigonga ubao wa kitanda, kaka huamka. Sauti haikumfikia, ila ubao ulimwambia. Basi wakatengeneza lugha yao. Kugonga mara mbili ni "nipo hapa". Mara tatu, "njoo ule". Na wakigombana, atakayekuwa wa kwanza kuchoka na ugomvi hupitisha kiganja juu ya ubao, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho. Hiyo maana yake ni "yaishe". Mwenzake naye akipitisha cha kwake, yameisha kweli, na hakuna anayeruhusiwa kuyafufua.

Shuleni hakufika mbali. Mwalimu alikuwa na tabia ya kufundisha akiangalia ubao, na mtoto anayesoma midomo hawezi kusoma kisogo. Dada akaendelea hadi sekondari, kaka akabaki nyumbani na bisibisi. Akajifunza kutengeneza redio. Alikuwa akiweka vidole viwili juu ya spika, anafumba macho, halafu anajua kama redio inasema sawa au inakwaruza. Watu walicheka hadi wakakaa chini.

"Kiziwi anatengeneza redio! Kesho tumtafute kipofu atutengenezee tochi!"

Walicheka, lakini redio walimletea yeye.

Baba alipofariki, chumba cha mbele kilibaki kitupu. Ndugu hao wawili wakakubaliana kufungua chumba cha gemu: runinga mbili, mashine mbili zilizokwisha tumika, mabenchi ya kuazima kanisani. Dada angeshika funguo na wateja. Kaka angeshika mashine zisife. Siku waliyoziwasha kwa mara ya kwanza, Kimya aliketi kucheza mpira kwa ajili ya kujaribu tu. Dakika ya pili, beki wa kwenye runinga alimkata mchezaji wake miguu, na pedi ikatetemeka mikononi mwake.

Aliitupa chini kama aliyeshika nyoka. Kisha akaiokota. Akacheza tena, akaomba akatwe tena.

Usiku huohuo aliifungua, na kesho yake akamwita dada yake. Ndani ya pedi, kila upande kulikuwa na mota ndogo, na kila mota ilikuwa na kipande cha chuma kilichopachikwa upande mmoja. Ikizunguka, chuma kinayumba, pedi inatetema. Ya kushoto ilikuwa nzito, mtetemo wake wa kina, kama lori linalopita nje ya ukuta. Ya kulia ilikuwa nyepesi na ya haraka, kama nyuki kwenye kopo.

"Shika," alimwambia, kwa ile sauti yake isiyojijua imepanda au imeshuka. Akamwekea pedi viganjani, akamfunika macho kwa mkono. "Huo ni mwamba wa goli. Umesikia? Huyo sasa ni beki. Tena huyu ana kadi!"

"Sisikii kitu, Kaka, natetemeka tu."

"Wewe una masikio," akasema kwa huruma. "Yamekudekeza."

Basi hivyo ndivyo alivyokuja kuwa bingwa wa mtaa. Kwenye gemu ya magari alijua tairi limetoka lami kabla macho hayajaona vumbi. Kwenye mpira alijua kwa kiganja kama shuti limekamata au limeparaza. Wageni wakija na maneno mengi, alikuwa na dawa yao: anainuka, anazima sauti ya runinga, anarudi kuketi akitabasamu. Bila kelele za mashabiki na filimbi ya refa, vijana walipotea kama kuku wageni. Akawafunga mmoja baada ya mwingine.

"Umefungwa na mtu ambaye hajawahi kusikia filimbi!" wenzao waliwazomea.

"Huyu anatumia dawa."

"Dawa gani? Dawa ni kucheza. Inuka, benchi si la urithi!"

Mama Pacha alikuwa akisimama mlangoni na funguo zake kiunoni, akimwangalia kaka yake anavyocheka, kichwa nyuma, mdomo wazi, mtu mzima mwenye miaka thelathini na minne. Alimshukuru Mungu. Alikuwa amemwomba miaka mingi amrudishie kaka yake masikio, na aliona kwamba Mungu ameyarudisha kwa njia ya mikono, nani amhoji?

*

Aliyeleta maneno alikuwa mteja waliyemwita Profesa, kijana wa miwani aliyeshindana hadi mitaa ya mbali.

"Mama Pacha, usinichukie kwa ukweli. Pedi zako zinatetema kama mgonjwa wa homa. Ukitaka kulenga shabaha, mkono unayumbishwa. Washindani wa kweli wote huzima mtetemo."

Katika hilo hakusema uongo. Kimya mwenyewe alikubali. "Kwao ni kelele," alimwambia dada yake. "Nani anataka kelele akitunga uzi kwenye sindano?" Akaingia kwenye mipangilio ya mashine, akawa anamzimia mtetemo kila anayetaka na kuiacha pedi yake mwenyewe ikiwa hai. Wakacheza hivyo mwaka mzima na zaidi, kila mtu na pedi yake, hakuna aliyemdhuru mwenzake.

Kisha mashine ya kwanza ikafa, na ya pili ikaanza kukwama katikati ya mchezo. Kimya alizifufua mara kadhaa, lakini hata fundi humaliza sala zake. Wakati huo kona ya pili kilifunguliwa chumba kingine chenye mashine mpya, na mabenchi ya Mama Pacha yakaanza kuonyesha mbao.

Siku ya kwenda kununua, Kimya alikuwa amelala na malaria. Dada angeweza kungoja siku tatu. Hakungoja.

Mwenye duka alimwekea kwenye kaunta mashine za aina mbili. Moja ilikuwa imetumika, pedi zake nzito, mtetemo wa pande zote mbili. Nyingine mpya kwenye boksi, gemu zimejaa ndani kwa ndani, pedi zake nyepesi, hazina waya, chaji moja siku nzima.

"Hii mpya inatetema?" Mama Pacha aliuliza.

"Haina mambo hayo. Ndiyo maana chaji inakaa. Vijana wa siku hizi wanaipenda." Mwenye duka akakuna kidevu. "Ila kaka yako, yule mtaalamu, yeye kasemaje?"

Mama Pacha aliitazama ile nzito. Akatazama ile nyepesi. Kwa macho ya moyo akaona mabenchi matupu, akamwona Profesa na kundi lake wanarudi.

"Kaka hana neno," akasema. "Nifungie mpya. Mbili."

Kimya hakuambiwa. Alitoka kitandani siku ya nne, bado dhaifu, akaketi penye nafasi yake, akapewa pedi mpya. Mama Pacha alijifanya anapanga viti. Kwenye runinga beki alikuja mbio akamfagia mchezaji, na Kimya akatazama mikono yake. Akaitikisa pedi. Akaibana sikioni, jambo ambalo dada yake hakuwahi kumwona akifanya tangu ile homa.

Profesa alimfunga saba bila. Chumba kilijaa siku hiyo. Wote walikuwa wamerudi, kama alivyotabiri dada.

"Leo dawa imeisha nguvu!"

"Mwacheni, jamani, ametoka kuumwa."

Kimya aliiweka pedi mezani kwa uangalifu, kama anavyoweka mtu kikombe cha kuazima. Akamgeukia dada yake mbele ya wote.

"Sasa mimi ni kiziwi," akasema.

Kwa siku mbili aliifungua ile pedi na kuifunga. Alitaka kupandikiza mota za pedi ya zamani. Lakini ndani hamkuwa na nafasi, na hata angeichonga nafasi, mashine yenyewe haikuwa ikituma habari yoyote ya kutetema. Pedi ya zamani nayo haikuingia kwenye mashine mpya. Siku ya tatu aliirudisha, imefungwa skrubu zote, imefutwa.

"Irudishe dukani," alimwomba. "Chukua ile nyingine. Moja tu. Niwekee moja tu."

Naye Mama Pacha, aliyekuwa amechoka, aliyekuwa na watoto wawili wanaolia kwa pamoja na chumba kilichojaa kwa mara ya kwanza baada ya miezi, alimtazama usoni ili kaka aisome vizuri midomo yake, akasema maneno ambayo hadi leo humwamsha alfajiri:

"Chumba hiki kinaendeshwa na wateja, Kaka, si na wewe. Huu ni mchezo tu."

Aliisoma midomo. Aliitikia kwa kichwa. Hakubisha, na afadhali angebisha.

*

Kazi ya yadi alitafutiwa na mzee mmoja wa kanisa, naye akahamia hukohuko. Kupanga mbao, kupakia malori. Waliomchukua waliambiwa kwamba hasikii, wakasema hakuna shida, mbao hazina maneno.

Kimya alikuwa mtu wa kujua lori kwa nyayo. Nyumbani aliweza kukwambia gari linakuja kabla halijafika kona, amesimama tu pekupeku mlangoni. Lakini yadi ilikuwa na sakafu ya zege, jenereta kwenye zege hiyohiyo, na msumeno mkubwa uliofungwa kwa boliti chini. Vilitetema toka asubuhi hadi jioni.

"Kule ardhi haifungi mdomo," alimwambia mama yao Jumapili moja. "Inapiga kelele kutwa. Sisikii mtu akija."

Mama alimfikishia binti yake maneno yale kama yalivyo. Mama Pacha aliyasikia kama lawama. "Anataka nimbembeleze," akasema. "Mlango uko wazi. Aje."

Kanisani waliketi benchi moja, mama katikati yao kama ukuta. Miezi mitano walikaa hivyo bila kusemezana. Jumapili moja, wakati wa sala, Mama Pacha alichungulia akaona kiganja cha kaka yake kimelala juu ya ubao wa benchi, kinapita taratibu, kutoka upande wake kuja upande wa mama, kikasimama hapo. Kingeweza kuwa kinafuta vumbi. Alijua kwamba hakifuti vumbi. Akafumba macho akaendelea kusali, na mikono yake akaiacha mapajani, kwa sababu moyo wake ulikuwa unasema: si kwa kiganja, aje aseme mbele yangu.

Hata hivyo jambo hilo lilimla. Wiki iliyofuata alirudi kwa yule mwenye duka. Ile mashine nzito ilikuwa bado ipo, imefunikwa mfuko. Aliichukua. Aliiweka uvunguni mwa kitanda chake ndani ya boksi la viatu vya mumewe, akajiambia: akija, nitamwonyesha. Asipokuja, basi.

Ilikaa uvunguni siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili ndiyo ile aliyopigiwa simu, ndoo ikiwa mbele yake.

*

Msibani watu walisema yale yanayosemwa. Mchungaji alisema kazi ya Mungu haina makosa. Mama Pacha aliitikia amina, na ilitoka moyoni. Kazi ya Mungu haina makosa. Makosa tunayo sisi, na hatuna mwingine wa kumtwisha.

Msimamizi wa yadi alikuja na wafanyakazi sita, wamevaa mashati safi. Alimshika mama mkono kwa mikono miwili.

"Mama, pole sana. Alikuwa mtu mpole, hana kelele na mtu. Dereva analia mpaka leo. Tulipiga honi, mama, siyo kwamba hatukupiga."

"Mwanangu," mama akasema, "hata angekuwa ng'ombe mngemtupia jiwe."

Yule bwana akainamisha kichwa. Nyuma yake, mmoja wa wale sita alimnong'oneza mwenzake kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Hakunong'ona chini vya kutosha. Mama Pacha alimsikia. Alitaka kuinuka amtoe nje kwa kola, na hapo akajiuliza yeye angetolewa na nani. Akabaki ameketi.

Profesa alikuja pia, bila miwani, macho mekundu. Alikuwa ameleta maua ya plastiki, amekosa mengine. Alisema angependa kuusifu ustadi wa marehemu kwenye kipaza sauti, na alipoanza hakuweza. Mama Pacha naye alipoitwa kusema neno la familia alikataa kwa kichwa. Kipaza sauti kilipita kwa binamu yao.

Mama aliuliza kama pedi ya zamani, ile yenye mota mbili, ingeweza kuwekwa pembeni ya mkono wa marehemu. Mzee wa kanisa alisema kwa upole kwamba hawaziki na vitu. Pedi ikarudishwa kabatini.

Walimzika Alhamisi, saa tisa alasiri. Jua lilikuwa kali na kaburi lilikuwa limechimbwa vizuri, kuta zake zimenyooka. Jeneza liliwekwa juu ya magogo mawili, kamba zimekwisha pitishwa chini. Kwaya iliimba beti tatu. Mchungaji alisoma, akasali, kisha akasema wa karibu wasogee.

Mama alisogea kwanza. Aliinama, akasema jina la ubatizo la mwanawe, akarudi nyuma akashikwa na binamu.

Mama Pacha alipiga magoti kwenye udongo mbichi. Aligonga kifuniko mara mbili kwa kifundo cha kidole. Akaweka kiganja upande wa kichwani, akakipitisha juu ya ubao, taratibu, hadi upande wa miguu. Akakiacha hapo. Mtu mmoja nyuma alidhani anapangusa vumbi, akamletea kitambaa. Mchungaji akasubiri. Wenye kamba wakasubiri. Baada ya muda binamu alimgusa bega akasema, "Dada, inuka sasa," naye akainuka.

Waliteremsha jeneza. Kila mtu alitupa udongo wa mkono mmoja, kisha vijana wakashika majembe, Profesa akiwa mmoja wao, na wakafanya kazi hiyo mpaka kaburi likajaa. Msalaba wa mbao ukasimikwa. Mbao zilikuwa zimetolewa na yadi. Mchungaji akafunga kwa sala, na watu wakarudi nyumbani kwa miguu.